Kiboko Aliyesahihisha Mwandiko Wake

Ngano jamani!
— Ilete tuione!
Imekuja na njaa.
— Ipe ugali!
Imekuja na kiu.
— Ipe maji!
Maji ndiyo yenye kesi. Kaeni basi niwaeleze.

Kwanza niseme ukweli, maana Mola anasikia. Ndani ya ngano hii mna Kiingereza, na mimi na Kiingereza tulikaa dawati moja miaka saba bila kujuana. Nitakapokosea jueni si makusudi, na anayejua zaidi asinikatishe, anisahihishe mwishoni tukiwa wawili.

Hapo kale, ila si kale sana kwa sababu vitabu vilikwisha kuwako, mvua iligoma. Ikagoma mwaka wa kwanza, ikagoma mwaka wa pili. Mito ikakauka, visima vikakauka, hata umande ukakauka. Likabaki bwawa moja tu, chini ya majabali. Na ndani ya bwawa lile alilala Kiboko.

Juu ya majabali aliishi Mama Pimbi na watoto wake watatu. Pimbi mnamjua: ni kama sungura aliyekatwa masikio, hana mkia, hana pembe, hana ukucha wa maana. Alichokuwa nacho ni majani mabichi, yaliyoota katika nyufa za mawe ambako jua halifiki. Pimbi majani anayo, maji hana. Kiboko maji anayo, majani hana. Ungedhani wangeelewana.

Sasa, ile mvua ya mwisho kabla ya mgomo ilileta kitabu. Kilitoka shule gani huko juu mtoni, sijui. Kilikuja kinaelea, jalada hakuna, kurasa zimegandana, zilizofunguka ni saba tu. Kilikuwa kitabu cha kufundisha kuandika sentensi za Kiingereza zilizo safi na zinazoeleweka. Kiboko akakiokota, akakianika mgongoni, akakisoma. Nani alimfundisha kusoma? Hilo nami niliuliza nikiwa mtoto, nikaambiwa ninyamaze nile.

Siku aliyomaliza ukurasa wa saba akawaita wanyama wote. Akawaambia kwamba tangu leo yeye si Kiboko tu, ni Mwalimu Kiboko. Anayetaka maji ataomba kwa maandishi, kwa Kiingereza, sentensi moja, kwenye tope la ukingoni. Akipata vema, anakunywa mpaka tumbo liseme basi. Akipata kosa, hanywi. Atalamba tope kidogo, aende zake, na kesho arudi na masahihisho pamoja na mzigo wa majani mabichi, kuwa fidia ya kuyachosha macho ya mwalimu.

Kisha akatoa kibao.

Mliosoma zamani kibao mnakijua. Ni kipande cha ubao chenye kamba. Shuleni kwetu alikivaa shingoni yule aliyekamatwa akisema Kiswahili, na hakivui mpaka amnase mwenzake akisema, amvike yeye. Mimi nilikivaa. Na nilimvika Tunu binti Mshangama, ambaye alikuwa ananiuliza tu kwa upole kama naumwa. Naungama. Popote alipo anisamehe.

Kibao cha Kiboko sheria yake ilikuwa hiyohiyo. Aliyekosea kuliko wote anavaa. Mvaa kibao hagusi maji, wala tope halambi, yeye na nyumba yake, mpaka ampate mwingine aliyekosea amvike. Ngiri, ambaye hupenda mambo yawe wazi, akauliza kama sheria hiyo ni ya kila mtu.

"Ya kila mtu," Kiboko akajibu. "Hata mimi. Ila mimi sikosei."

Akazisoma kanuni zake saba. Sentensi ianze kwa herufi kubwa. Iwe na mtenda na tendo. Ibebe wazo moja. Iishe kwa nukta. Kanuni ya tano, mtenda akiwa mmoja tendo linaongezewa herufi mkiani, watenda wakiwa wengi tendo linanyang'anywa. Nyumbu akasema amesikia vibaya, mmoja anaongezewa na wengi wananyang'anywa? Akaambiwa ndivyo. Kanuni ya sita, kila kitu kitanguliwe na kineno kidogo, isipokuwa vile visivyotanguliwa. Vipi havitanguliwi? Kiboko akasema ukurasa huo umegandana. Na ya saba, fikiri kabla hujaandika.

Wanyama wakatazamana. Mimi mwenyewe kanuni ya tano na ya sita nimezeeka nazo, na kila nikidhani nimezishika zinaniponyoka.

Asubuhi ya kwanza wakapanga foleni. "Gudi moningiii, Mwalimuuu," wakaimba wote, maana hilo nalo lilikuwa la lazima.

Ngiri akaandika kwa jino lake, maneno matatu, anaomba maji. Kiboko akatazama, akakoroma mho-mho-mho, akachovya kidole katika udongo mwekundu. Chwaa, chwaa. Kosa. Fupi mno, alisema, hii si sentensi, ni kikohozi.

Kanga kusikia fupi ni kosa, akaandika ndefu. Akachakura kwa kucha kutoka ukingoni mpaka kwenye matete, akataja maji, na kiu, na mayai yake, na mumewe asiyesaidia. Kiboko akatazama, mho-mho-mho. Chwaa, chwaa. Kosa. Ndefu mno, mawazo yamebanana humo kama kuku kwenye tenga.

Nyumbu kusikia fupi ni kosa na ndefu ni kosa, akaandika ya katikati. Mho-mho-mho. Chwaa, chwaa. Kosa. Nyumbu akauliza kosa liko wapi.

"Kosa ni kuuliza," akaambiwa.

Mama Pimbi alikuwa wa mwisho. Akafikiri kwanza, kama kanuni inavyosema. Kisha akaandika kwa herufi ndogondogo safi kwamba watoto wake wana kiu. Herufi kubwa ipo. Watenda wapo, tendo lipo, wazo moja, nukta. Kiboko akainama kuisoma, na pua yake ikapita karibu na manyoya ya Pimbi. Ikanusa majani. Mabichi, yenye umaji, ya kivulini. Mate yakamdondoka juu ya nukta.

Chwaa, chwaa. Kosa. Tena kosa kuliko yote. Kibao kikaenda kwa Mama Pimbi, na kesho alete mizigo miwili.

Kibao kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Akapanda nacho majabali, kokoro, kokoro, kokoro. Watoto walikuwa wamekaa mdomoni mwa pango wakimsubiri mama na maji. Yule mdogo kabisa akakisogelea kibao, akakilamba, akidhani kimelowa.

Mama Pimbi akageuza uso. Kisha akateremka tena mpaka bwawani, akasimama kwa adabu mbali na maji.

"Mwalimu," akasema, "vichwa vyetu ni vigumu. Tuandikie sentensi moja tu ya mfano, iliyo sahihi kabisa, sisi tuige."

Hakuna mwalimu asiyependa kuombwa hivyo. Kiboko akachagua tope laini, akanyoosha kidole, akaandika polepole, kila herufi kama kichuguu. Kwa Kiingereza chake ilikuwa inasema kwamba maji haya ni mali ya Bwana Kiboko. Akaitazama kwa mahaba. Kisha, kwa kuwa maandishi ya mkubwa hayakamiliki bila muhuri, akainua mguu akaubonyeza pembeni. Pwaa. Vidole vinne.

Akawaita wote waikariri. Wakaikariri. Ngiri akaikariri akienda, Kanga akaikariri akila, Nyumbu akaikariri mpaka akasahau njia ya kwao.

Asubuhi ya pili, "Gudi moningiii, Mwalimuuu," kisha kila mmoja akaandika. Sentensi ileile, herufi kwa herufi. Na mizigo ya majani ikawekwa mbele, mikavu ya Ngiri, ya miba ya Nyumbu, na ile mibichi miwili ya Mama Pimbi.

Sasa fikirini nanyi. Kama Kiboko angempa vema hata mmoja, huyo kesho hana sababu ya kuleta mzigo. Ngiri, mho-mho-mho, chwaa, chwaa, kosa. Kanga, chwaa, chwaa, kosa. Nyumbu, kosa. Pimbi, kosa, na kibao akae nacho. Ngiri aliambiwa imeinama. Kanga aliambiwa imesimama mno. Nyumbu hakuuliza.

Mama Pimbi alichanganyikiwa kwelikweli, msidhani ujanja ulimjia hapohapo. Yeye alidhani kosa ni lake. Ndivyo wanyonge tulivyo, tukiambiwa tumekosa huanza kujipekua wenyewe. Jua lilipokuwa utosini na Kiboko amezama amelala, akarudi kuitazama ile ya mfano. Akalinganisha na ya kwake. Herufi ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Akafika kwenye nukta, sawa. Akarudia toka mwanzo, sawa. Akapangusa macho akarudia mara ya tatu, na alikuwa amekanyaga palepale kwenye maandishi ya Kiboko, pakalia ka!

Jua la mwaka ule halikuwa na mchezo. Tope lilikuwa limekauka, limepasuka pande zote, limekunjuka kingo kama sahani. Ukilishika linanyanyuka lote, maandishi na muhuri juu yake.

Mama Pimbi akakaa juu ya sahani ile, akafikiri. Akafikiri mpaka kivuli kikamfikia. Halafu akacheka kidogo, kwa pua.

Akawaita watoto. Wakaisukuma ile sahani ya tope juu ya kibao, wakaivuta kwa kamba ya kibao chenyewe, kokoro, kokoro, mpaka nyumbani.

Asubuhi ya tatu wote wamepanga foleni, gudi moningi imeimbwa, Mama Pimbi akaja anaburuta. Akasema Mwalimu amwie radhi, kucha zinamuuma, ameandikia nyumbani. Juu ya sahani ya tope maandishi yanaonekana vizuri. Pembeni, pale penye muhuri, amerundika majani. Yalikuwa majani ya mwisho ya nyufa zote, mabichi, yanang'aa. Watoto wake wangeyatafuna siku nne.

Kiboko akatazama. Sisemi alisoma, nasema alitazama, na jicho moja lilikuwa kwenye majani na la pili pia. Mho-mho-mho. Akachovya kidole. Chwaa, chwaa.

"Kosa."

"Kosa liko wapi, Mwalimu?" akauliza Mama Pimbi.

"Mwanzo."

"Mwanzo tu?"

"Na katikati. Na mwisho. Na mwandiko ni wa mlevi. Hata maana haina. Aliyeandika hii hafai kuonyeshwa maji hata kwa mbali."

"Huyo ndiye anayestahili kibao?"

"Ndiye hasa."

"Mmesikia wenzangu," akasema Mama Pimbi. "Haya, kula majani yako, Mwalimu, yasinyauke."

Kiboko akala. Nyafu, nyafu, nyafu. Majani yakapungua, kidole kikaonekana. Nyafu, nyafu. Kidole cha pili. Nyafu. Cha tatu. Akalamba lile jani la mwisho, muhuri wote ukabaki wazi mbele ya foleni nzima.

Kanga akasogea akahesabu, moja, mbili, tatu, nne. Akautazama mguu wake mwenyewe. Akautazama wa Ngiri. Nyumbu, ambaye mambo humfikia kwa kuchelewa, akauliza kwa sauti ni nani hapa mwenye mguu mnene namna hii.

Foleni nzima ikageuka kumtazama Kiboko.

Kiboko akakohoa. Akasema asubuhi jua lilimpiga machoni, na sasa akiitazama tena anaona ni vema.

"Sawa," akasema Mama Pimbi. "Kama ni vema, jana sote tuliandika hiyohiyo. Basi sote tumepata, tunakunywa. Kama ni kosa, aliyeiandika anavaa kibao. Na tena umesema haina maana, nayo inasema maji ni yako. Chagua wewe, Mwalimu. Sisi ni wanafunzi tu."

Kiboko akautazama muhuri. Akayatazama maji. Akakitazama kibao. Kila nikifika hapa huwa nachanganyikiwa naye, hata namhurumia. Vema inampokonya maji. Kosa inampa kibao. Akageuza huku, akageuza kule, mwisho akajipigia hesabu yake: hawa hukosea kila siku, kwa nini leo wasikosee? Nitakivaa kidogo tu, wa kwanza kuandika nitamvika.

"Kosa," akasema.

Shingo yake haikuenea kwenye kamba. Mama Pimbi akakitundika kwenye jino lake la chini. Kiboko akatoka majini, mdomo wazi, maana haukuweza kufungika, akapanda mchangani akasimama.

"Haya," akasema kwa shida, "andikeni."

Hakuna aliyeandika. Ngiri alikuwa anatazama mawingu yasiyokuwepo. Kanga alikuwa anajikuna. Nyumbu alinyanyua kwato, akakumbuka, akaishusha.

"Andikeni," akarudia Kiboko.

"Tunafikiri kwanza," akasema Mama Pimbi. "Kanuni ya saba."

Asiyeandika atakosea nini? Kibao kikabaki jinoni. Na pale pale yule mtoto mdogo wa Pimbi, aliyelamba ubao, akateremka mpaka majini kwa miguu yake, bila kuomba kwa lugha yoyote. Kiboko akaruka kumzuia. Mguu wake ulipofika ukingoni, Kanga akamkumbusha kwa upole kuwa mvaa kibao hagusi maji. Kiboko akaganda. Angeivunja sheria yake mbele yao, kesho ni nani angeleta mzigo? Akabaki mguu mmoja hewani.

Mtoto akanywa. Kwi, kwi, kwi. Ndugu zake wakanywa. Ngiri akanywa, Kanga akanywa, Nyumbu akaingia mzima mzima. Mama Pimbi akanywa wa mwisho, kidogo, huku anamtazama Kiboko.

Jua likapanda. Mnajua ngozi ya Kiboko, nje ya maji haina lake. Ikaanza kukunjamana, ikatoa jasho jekundu kama ule udongo wa kusahihishia. Akaamuru waandike. Akaomba waandike. Akaomba kwa Kiingereza, akasema "pliizi", neno ambalo mwanzoni alikuwa analihesabu kosa. Hatimaye akauliza afanye nini wamvue.

Mama Pimbi akamwambia aandike, kwa Kiingereza safi, kwamba amekosa na maji ni ya wote. Wakiona ni sahihi watamvua.

Kiboko akaandika. Mimi naamini aliandika vizuri kuliko siku zote. Wanyama wakaizunguka kuisahihisha, na hapo ndipo ilipoharibika, kwa sababu hakuna aliyejua. Ngiri akasema anaona fupi. Kanga akasema anaona ndefu. Nyumbu akasema mtenda ni mmoja, basi kuna herufi imepungua mkiani, ama imezidi, moja kati ya hayo. Kanga akauliza kineno kidogo kiko wapi. Ngiri akamwonyesha. Kanga akasema hicho si kile. Hawakuwa wanamkomoa, wallahi, walikuwa wanatafuta ukweli. Wakabishana jua likashuka kutoka utosini, likafika kwenye majabali, na Kiboko amesimama pale mdomo wazi, ulimi umekuwa kama kipande cha gome.

Mama Pimbi akamtazama ulimi ule. Aliwahi kuuona kwa mtu mwingine, mdogo, juzi tu. Akamsogelea.

"Bwana Kiboko," akasema, "kwa Kiswahili ungesemaje?"

Kiboko akasema taratibu, kibao kikimgongagonga midomo:

"Nimekosa. Kunyweni."

"Hiyo tumeielewa," akasema Mama Pimbi, akamvua.

Chubwi! Maji yakaruka mpaka kwenye matete.

Tangu siku hiyo Kiboko mchana hatoi nje ya maji zaidi ya macho na masikio. Wenye elimu watawaambia ni kwa ajili ya ngozi. Msiwasikilize, anapiga chabo, anachungulia kama kuna mtu anakuja na maandishi.

Na funzo la ngano hii, watoto, ni hili: someni Kiingereza kwa bidii, mzishike kanuni zote saba, maana mtu asiyeandika sentensi sahihi hawezi kueleweka popote duniani, na hatapata hata tone la maji. Najua mnataka kuniuliza. Mimi pia nimeligeuza funzo hili kila upande na sioni linapoingia. Lakini ni funzo zuri, limekuja na ngano, siwezi kulitupa.

Nimeitua.
— Tumeipokea!
Ikiwa ina tundu?
— Tutaiziba!
Basi ombeeni aliyewapa, mkalale salama.